Kimya Ninacho Nyumbani

Bogumiła Kurek aliingoja nafasi yake ya nyumba ya tiba muda mrefu kiasi kwamba goti lililoandikiwa tiba lilishachoka kuuma, na maumivu yakahamia la pili. Bima ya taifa ndivyo ilivyo: daktari anaandika, karatasi inasafiri, mgonjwa anakaa. Lakini Bogumiła hakuwa na haraka na goti. Kilichokuwa kinamuuma ni mdomo.

Tangu mumewe Wacław afariki, ile nyumba yao ya ghorofa ya nne huko Łódź haikuwa na mtu wa kuongea naye. Aliyebaki kumjibu ni friji, nayo hunguruma tu. Mwanawe alikuwa Norwei, akipiga simu ni "Mama u mzima? Haya," na kukata. Na huyu ni mwanamke aliyeendesha tramu maisha yake yote chini ya kibao kinachokataza abiria kuzungumza na dereva. Kibao hakikusema lolote kuhusu dereva kuzungumza na abiria, naye aliitumia nafasi hiyo mpaka siku ya kustaafu. Wacław naye alikuwa msikilizaji mwema, ila mkewe akikolea tu, yeye anakoroma. Bogumiła hakujali. Mtu anayekoroma ni mtu aliyepo.

Basi barua ya bima ilipofika alikata shauri: anakwenda Olszyny-Zdrój, nyumba ya Jutrzenka, alikowahi kukaa na Wacław. Aliyakumbuka vizuri mambo ya kule. Asubuhi foleni ya kunywa maji ya chemchemi yanayonuka yai viza, kila mtu na kikombe chake na umbea wake. Mchana matope ya dawa. Jioni muziki wa kinanda, na wazee walioziacha pete zao za ndoa kwenye droo wakizungushana ukumbini mpaka muuguzi aje kuzima taa. Alifungasha magauni manne, viatu vya kuchezea dansi, na maneno ya miaka miwili.

Alipofika, jina la Jutrzenka halikuwepo. Mlangoni paliandikwa neno moja kwa herufi nyembamba: KIMYA.

Mkurugenzi mpya, Kornel Wasiak, aliwapokea wageni wa bima yeye mwenyewe. Alikuwa kijana mwembamba wa nguo nyeupe na viatu vyeupe pe, mwezi wa Novemba, katika mji ambao kitega uchumi chake ni matope. Aliongea kwa kunong'ona kama yuko msibani.

"Ulaya imechoka, mama zangu," alinong'ona. "Siku hizi mgeni hatafuti kitanda wala chakula. Anatafuta utulivu. Watu wanatoka Warszawa, wanatoka Berlin, wanalipa hela nzuri ili wasisikie kitu. Simu tunaziweka kwenye mifuko, na maneno tunayaacha nje. Nyie wa bima mnaupata utulivu huo huo bila nyongeza."

"Mkurugenzi," alisema Bogumiła, na sauti yake iliyozoea kushindana na magurudumu ya chuma ikajaa ukumbi mzima, "mimi natoka huko kwenye kimya! Ninacho nyumbani, tena cha bure. Ningejua kina soko ningekuja nacho kwenye mtungi."

Genowefa, mpishi mstaafu wa shule aliyepangwa naye chumba kimoja, aliguna kwa kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kokoto la kijivu, akaliweka kwenye kiganja cha Bogumiła taratibu kama anampa kitu cha thamani.

"Hili ni jiwe la tafakari," alinong'ona. "Mtu akipata la tatu, tunaelewa kwamba nyumba yetu haimfai. Anarudi kwao, na bima wanaarifiwa kwamba amekataa tiba."

Aliyekataa tiba hurudi mwisho wa foleni. Bogumiła aliijua ile foleni. Kwa umri wake, mwisho wake ulikuwa getini pa makaburi. Alifumba kiganja, akafumba na mdomo.

Alijitahidi, tusimwonee. Alijitahidi mpaka chakula cha jioni, alipotazamia kabichi za kuviringisha nyama akaletewa bakuli la mbegu zilizolowekwa kwenye kitu cha kijani.

"Yesu na Maria!" alisema, kama ambavyo mama yeyote angesema.

Kokoto la pili liliwekwa kando ya kijiko chake.

Wiki tatu mbele yake, na kokoto moja tu lililobaki. Chumbani yeye na Genowefa walizungumza kwa mikono, na kwa kuwa mpishi yule alikuwa na mikono minene na haraka nyingi, Bogumiła alidhani amesimuliwa habari za talaka kumbe shoga yake alikuwa anaeleza jinsi ya kutengeneza matango ya chumvi. Akalala akiwa na hasira. Amesafiri siku nzima kukimbia ukimya, akakuta umemtangulia, umepakwa rangi, umewekewa na mshumaa wa mchaichai.

Ukombozi ulikuwa chini ya ardhi. Matope ya dawa hayakuwa yamebadilika, maana matope hayasomi magazeti ya utalii. Yalikuwa bado kule chini, meusi, ya moto, na pampu kuukuu iliyoyasukuma iliunguruma hata sauti ya mtu haikupanda ngazi. Mhudumu wa huko alikuwa Zenobia, mwanamke wa mabega mapana, mwenye beleshi.

"Ingia humo," alimwambia Bogumiła akimwonyesha beseni. "Mbona umeubana mdomo? Unaumwa jino?"

Bogumiła alimwonyesha makokoto mawili.

"Achana na hayo. Yule bwana hashuki huku, anaogopea viatu vyake. Humu serikali ni mimi. Sema, mama, sema! Mimi mwenyewe naongea na pampu, karibu niolewe nayo."

Bogumiła akasema. Jamani, akasema! Matope yalimfika kidevuni, na mdomo wake ukaelea juu yake ukimwaga maneno ya miaka miwili. Zenobia alicheka hadi akaegemea beleshi lake.

Siku ya pili beseni la jirani lilikuwa na msichana wa mjini, mmoja wa wale wanaolipa. Aliitwa Kalina, mkuu wa mauzo katika kampuni moja huko Warszawa. Uso wake ulikuwa na weusi chini ya macho, nao haukuwa wa matope. Alisikiliza kwanza, kisha akachungulia mlangoni kama mwizi.

"Kumbe huku mnaongea?" alinong'ona.

"Tunaongea, mwanangu. Utatusemea?"

"Mimi? Mama, mimi nimelipa ili nisisikie kitu, sasa najisikia mwenyewe! Nikilala tu, kichwa kinaanza: hukumjibu fulani, hukutuma kile, Jumatatu utafanya nini. Tangu nije sijapata usingizi. Endelea, tafadhali. Ulisema tramu iligoma darajani."

Bogumiła aliendelea. Alipofika pale utamu ulipo, alisikia mkoromo. Aligeuka akamkuta Kalina kinywa wazi, amelala fofofo ndani ya matope. Bogumiła alinuna.

"Hadithi yangu imemchosha," alimwambia Zenobia, na kunyamaza.

Kalina akafumbua macho papo hapo. "Usinyamaze, mama! Ukinyamaza naamka."

Maneno hayo yalimgusa Bogumiła mahali ambapo alidhani pamekufa. Hakuwa ameambiwa kitu kama hicho tangu Wacław. Akarudi darajani na tramu yake, safari hii kwa sauti ya chini, na msichana akalala mpaka matope yakapoa.

Watu waliokatazwa kuongea wana njia zao za kupashana habari. Kwa nyusi tu na kwa vidole, nyumba nzima ikajua. Akashuka Genowefa. Akashuka bwana mmoja wa benki kutoka Poznań, mtu mzito mwenye kipara, akasema amekuja kwa ajili ya mgongo. Wakafuata Wajerumani wawili wasioelewa neno, wakicheka wenzao wakicheka. Mabeseni yalijaa. Huko juu kwenye paa, penye zoezi la kupumua kwa pamoja, mkurugenzi Kornel alipiga kengele yake ya shaba, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Alipoyafumbua aliona mikeka mitupu na njiwa mmoja.

Akaanza kutafuta wageni wake. Na siku hiyo huko chini Bogumiła alikuwa anasimulia habari za samaki.

"Basi ni siku ya mkesha wa Krismasi," alisema, "na kila mtu ndani ya tramu ana samaki wake aliye hai, wa kwenda kumweka kwenye bafu la maji mpaka saa ya kumpika. Bibi mmoja mfuko wake ukapasuka. Samaki huyo, sakafuni! Nikishika breki, anateleza anakuja mbele kwangu. Nikiongeza mwendo, anarudi nyuma. Watu wote miguu juu. Kila kituo ni mayowe. Sasa nani anapanda? Mkaguzi wa tiketi. Mpya, kofia imenyooka, masharubu yamechanwa. Samaki anapita katikati ya viatu vyake. Anamtazama. Anauliza: 'Huyu ni abiria au mzigo?' Bibi anajibu: 'Mzigo, baba.' Anasema: 'Mzigo hauna mkia unaopigapiga. Tiketi iko wapi?'"

Genowefa alikuwa analia kwa kucheka. Yule wa benki alipiga matope kwa kiganja, yakamrukia hadi kwenye kipara.

"Nikaona huyu ataniharibia sikukuu. Nikashika breki, nguvu zangu zote—"

Mlango ulifunguliwa. Kornel Wasiak alisimama kwenye ngazi ya mwisho, na mkononi alishika kokoto.

Kila mtu alinyamaza. Hata Zenobia aliinamia pampu yake kama ndiyo kwanza anaiona. Bogumiła aliiona foleni ya bima ikijinyoosha mbele yake hadi getini pa makaburi, akaona mlango wa nyumba yake Łódź, akaisikia friji. Machozi yalimlenga. Hakuwa na mkono wa kuyafuta, mikono ilikuwa chini ya matope.

Ndani ya ukimya ule, beseni la pembeni likashtuka.

"Nani amemzima?" alifoka Kalina, macho mekundu ya usingizi. "Mbona pamenyamaza? Nilikuwa nimelala!"

"Mkurugenzi," alisema bwana wa benki kwa sauti ya mtu aliyezoea kukataa mikopo, "ingia au toka, lakini funga mlango, baridi inaingia. Bi Bogumiła, umeshika breki. Ikawaje?"

"Bwana, kanuni za nyumba…" alinong'ona Kornel.

"Ikawaje?" walisema wote, na Wajerumani nao wakasema kitu.

Bogumiła alimtazama mkurugenzi. Kokoto alikuwa bado amelishika, ila alikuwa ameinamisha shingo mbele kidogo, kama abiria anayetaka kuona ni kituo gani. Basi akaamua kwamba kama ni kufukuzwa, afukuzwe hadithi ikiwa imeisha.

"Nilishika breki, mkaguzi akaenda chini chali, samaki akampanda kifuani. Nikatoka kwenye kiti changu, nikavua kofia, nikamdaka samaki kwa kofia. Yule bwana yupo chini, suruali imepasuka, magamba kwenye masharubu. Ananitazama, anasema: 'Dereva, umeolewa?' Nikamwambia, 'Bado.' Akasema, 'Basi faini tutajadiliana.'" Aliyatazama matope mbele yake. "Ndiye Wacław wangu huyo."

Watu waliangua kicheko, kisha baadhi yao wakaacha kucheka, kwa sababu walikuwa wamesikia jinsi alivyolitaja hilo jina.

"Na samaki?" aliuliza mtu.

Alikuwa Kornel. Aliuliza kwa sauti kamili, ya kwanza kusikika kinywani mwake, nayo ilikuwa ya kijana wa kijijini. Alikuwa ameteremka ngazi bila kujua, na viatu vyeupe vilikuwa ndani ya matope hadi kwenye kamba.

"Yule bibi aliniachia mimi. Samaki alikaa bafuni kwetu mpaka Pasaka. Nani angekuwa na roho ya kumla? Sisi tulikwenda kuoga kwa majirani."

Kornel alicheka. Alicheka vibaya, kama mtu aliyesahau namna, na kokoto likamponyoka likazama. Zenobia alimpa beleshi alitafute mwenyewe.

Ila biashara ni biashara. Kabla ya wiki kwisha, orodha ya huduma ilikuwa na kipya: Matope ya Simulizi, kwa nyongeza ya malipo, na wageni wakajiandikisha mpaka masika. Kornel alimwita Bogumiła ofisini, akamwambia Ulaya haitaki tena kimya, Ulaya inataka sauti ya mwanadamu, na kwamba mwakani aje kama mtaalamu, bila foleni. Bogumiła alikubali kwa sharti kabichi za nyama zirudi mezani na kinanda kirudi ukumbini. Alivivaa viatu vyake vya dansi usiku wa kuagana, akacheza na bwana wa benki, ambaye mgongo wake haukuwa na ugonjwa wowote.

Halafu akarudi Łódź. Mwakani ni mbali. Friji ilimkaribisha. Kalina alikuwa amechukua namba yake ya simu, lakini watu wa mjini huchukua namba kama wanavyookota majani makavu ya kupendeza, na Bogumiła hakutia maanani.

Jumapili, baada ya misa, alipika supu ya kuku ya mtu mmoja. Alikuwa anaosha sahani simu ilipolia. Alijua ni Norwei, akajiandaa kujibu kwamba ni mzima.

"Mama, mimi Kalina. Uko na nafasi? Nimejilaza, nimekuweka kwenye spika. Kesho nina kikao kibaya, nimekaa macho tangu Ijumaa. Niambie chochote."

"Chochote kipi?"

"Chochote. Niambie umepika nini."

Bogumiła alivuta kiti, akajifuta mikono. Alianza na kuku, akapita sokoni kwa muuza karoti, akafika kituo cha tramu ambako dereva mpya hajui kukata kona. Alikuwa hajafika mbali, mkoromo ukasikika upande wa pili.

Hakununa. Alipunguza sauti, akaisogeza simu karibu na kinywa, akaendelea na hadithi.