Gari la Mkurugenzi

Mkurugenzi alipofariki, wosia wake ulisomwa sebuleni mbele ya mjane wake, mwanawe wa pekee aliyerudi kutoka ng'ambo, na dereva, aliyeitwa bila kuambiwa kisa. Nyumba alipewa mjane. Vitabu vikaenda kwa mtoto. Kisha mwanasheria akakohoa, akasoma: "Gari langu nampa dereva wangu, maana ndiye pekee anayelielewa."

Dereva alitaka kucheka, yakamtoka machozi. Miaka ishirini na sita aliliendesha gari lile la Kiingereza, refu, jeusi kama kunguru aliyelowa, na hata siku moja hakuota kwamba lingekuwa lake. Mtaani kwao walimwita Taratibu, kwa jinsi alivyopita kwenye mashimo kama aliyebeba mayai kichwani. Siku hiyo aliliingiza uani kwake kwa shida. Likaujaza ua wote, hata kamba ya nguo ikabidi ihamishwe.

"Taratibu, sasa wewe ndiye bosi!" jirani yake akamtania juu ya ukuta. "Nani atakuendesha?"

Alicheka naye, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Jioni alifungua mlango wa nyuma, akakaa pale alipokuwa akikaa Mkurugenzi. Ngozi ya kiti ilimpokea kama mgeni wa heshima. Mbele yake kulikuwa na kisogo cha kiti cha dereva, na hakuna mtu. Hakumaliza hata dakika tano, akashuka.

Uzuri wa gari lile hakuna aliyeubisha. Lilipita njia ya vumbi na abiria asijue kuna vumbi mpaka atazame nje. Mbao za dashibodi ziling'aa kama kabati la bibi harusi. Ukifunga mlango, ulisema "mh", kama mtu mzima anayekubali jambo. Lakini mambo yake! Lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyevuka jangwa. Madirisha ya umeme yaligoma kupanda mvua iliponyesha. Kila lilipolala liliacha doa la oili, na spea zake ziliagizwa ng'ambo; hicho ulichoagiza kikifika, kingine kimeshakufa.

"Uzuri wa mkakasi," fundi alimwambia akifuta mikono, "ndani kipande cha mti. Mzee mwenzangu, hili si gari, ni mgonjwa wa kuuguza."

Naye aliliuguza. Hakuwa na mwingine wa kumuuguza.

Mjane hakujua kuendesha, akamwomba ampeleke makaburini kila Jumamosi. Alikaa nyuma, upande wake wa kushoto, akiuacha wazi ule wa kulia, wa marehemu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Dereva." Maneno yakaisha hapo, kwenda na kurudi.

Jumamosi moja, katikati ya mlima, jua la saa sita likiwaka, mvuke ukaanza kufuka mbele.

"Dereva, huo ni moshi?"

"Mvuke, Mama. Lina kiu."

"Na sisi je?"

Alishtuka. Hakuwahi kumsikia akitania. Aliegesha pembeni, akafungua boneti: feni ilikuwa imekufa. Ilibidi wangoje injini ipoe. Alipogeuka, alimkuta mjane ameshuka na kuketi kiti cha mbele, viatu mkononi.

"Huko nyuma kuna joto," alisema. "Ingia ukae. Unasimama juani kwa ajili ya nani?"

Akaingia.

"Nikuulize jambo," mjane akasema. "Nimetaka kukuuliza tangu mazishi. Alikuwa akiongea nini humu?"

"Nani, Mama?"

"Mume wangu. Nyumbani alikuwa akirudi amechoka. Anakula, anasoma gazeti, analala. Nikajiambia, maneno yake yote ameyamalizia garini. Nilikuonea wivu, unajua? Miaka yote hiyo."

Dereva alishika usukani ingawa gari halikwenda popote. Akaukumbuka uso ule kwenye kioo, ukitazama nje. "Ofisini." "Nyumbani." Siku nyingine, "Asante." Ndiyo yote.

"Alikuwa anakutaja sana, Mama," alisema.

"Anasemaje?"

"Anasema... unapika vizuri."

"Aliyekuwa akipika ni mpishi."

Mjane alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta baada ya kicheko kuisha. "Basi hakuongea."

"Hakuongea, Mama. Mimi nilidhani anakuwekea wewe."

Upepo ulipita kwenye nyasi za kando ya barabara. Mjane akauliza, "Na mkeo? Yeye mnaongea?"

"Alishafariki. Huu mwaka wa tisa."

"Wa tisa!" Alimgeukia. "Ulikuwa unakuja kazini kila asubuhi, na mimi sijui?"

"Mkurugenzi alinipa siku tatu."

Mjane aliweka mkono wake juu ya mkono wa dereva, hapo hapo kwenye usukani, akauondoa lori lilipotokea.

Lilikuwa lori la vitunguu, na mwenye lori akawavuta kwa kamba hadi mjini. "Mzee, kitu kizuri hivi nacho kinavutwa?" aliwakejeli.

"Vizuri ndivyo vinavyopenda kubembelezwa!" mjane akamjibu kupitia dirishani, kwa kuwa dirisha nalo lilikuwa limegoma kufunga.

Tangu siku hiyo alikaa mbele. Kwa miezi mitano walizungumza: kuhusu marehemu wao, magoti yao, jirani mwenye mdomo. Kisha mwanawe akaja kutoka ng'ambo kumchukua. Alisema mama hawezi kukaa peke yake nchi hii.

"Liuze hilo," mjane alimwambia wakiagana getini. "Ununue kigari kinachojua kuwaka."

Alijaribu. Mnunuzi alikuja, akalizunguka akilipapasa kama farasi, akauliza, "Lina tatizo lolote?" Dereva akaanza kumhesabia: feni, madirisha, oili, waya zinazoungua bila sababu. Mnunuzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," alisema, "wewe hutaki kuliuza," akaenda zake.

Sasa mjane hupiga simu kila Jumamosi.

"Limewaka leo?"

"Limewaka, Mama. Nimekwenda, nimepalilia. Maua yameshika."

"Huku baridi. Mwanangu yuko kazini, mkwe yuko kazini. Nyumba ina mashine za kila kitu."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

Halafu maneno huwaishia. Hakuna anayekata. Dereva husikia pumzi yake, na mlango ukifungwa mahali fulani katika nyumba ile ya mbali. Jumamosi iliyopita walikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka simu ikakatika yenyewe. Aliishikilia sikioni kidogo, huenda mjane angepiga tena. Hakupiga. Akaingia ndani kupasha chakula cha jana.