Uzi wa Manjano Dirishani

Kitendawili, wajukuu wangu. Mtoto wangu yuko ndani, mlango uko wazi, na mbwa hakuna. Mbona siingii?

Msijisumbue, jibu nitalitoa mwenyewe. Mimi ni mama mkwe. Nilikuwa nimekaa katika jiko la nje kule kisiwani Rusinga, nyuma ya nyumba ya mkwe wangu Javan, na chumba alimolala binti yangu Dolphine kilikuwa karibu hivi kwamba nilimsikia akijigeuza kitandani. Lakini mama haingii chumba anacholala mkwe wake. Sisi Wakisii tunaiona aibu hiyo, Wajaluo, watu wa Javan, wanaiona zaidi. Tena ng'ombe wa mahari ya Dolphine walikuwa hawajaisha kuletwa, kwa hivyo hata sebuleni nilikuwa sijakanyaga. Usiku nililala kwa Monicah, dada wa kanisa letu la Kisabato, ng'ambo ya ua. Mchana kutwa, jikoni.

Dolphine alikuwa amejifungulia hospitalini Homa Bay. Mtoto, msichana, hakulia. Wakarudi nyumbani bila yeye, na maziwa yakaja bila mtu wa kuyanyonya. Tangu hapo binti yangu akageukia ukuta. Hasemi. Uji anaonja tu wakati mama yake Javan, Adhiambo, amesimama juu yake na kijiko. Adhiambo akiondoka, kikombe kinabaki vile vile.

Mimi nilikuja na vitu ninavyovijua: sufuria za keki na mfuko wa sindano za kufuma. Ndani ya mfuko kulikuwa na kisweta cha manjano, mkono mmoja umeisha, wa pili bado. Nilikianza siku Dolphine aliponiambia ana mimba. Habari ya Homa Bay ilinikuta nikiwa nacho mapajani. Sikujua nikiache wapi, basi nikasafiri nacho.

Keki yangu huiva kwa mchanga. Unatia mchanga kwenye sufuria kubwa, unakalisha ndogo juu yake, unafunika, na makaa mengine unaweka juu ya kifuniko. Kwetu Oyugis natumia mchanga wa mtoni. Pale Rusinga nilichota wa ziwani, na sikujua umejaa maganda ya konokono wadogo. Moto ulipokolea yakaanza kupasuka, pa! pa! pa! Adhiambo akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mama Dolphine! Unapika keki ama unapiga watu risasi?"

"Ni mchanga wenu mkali, Mama Javan."

"Mchanga yetu imezoea samaki. Hiyo mambo ya keki haijui."

Tukacheka. Halafu tukaziba midomo pamoja, kwa sababu dirisha la Dolphine lilikuwa pale pale.

Adhiambo alibeba kipande ndani, akarudi nacho. Kesho yake nikaoka tena, kikarudi tena. Kuku wa boma lile walinenepa kwa keki yangu. Mkononi nilishika sindano, nikafuma mstari wa kisweta, nikaufumua, nikaufuma. Moshi ulinijaa machoni na paa lilinigusa kichwa. Nikitoka kujinyoosha, nasikia kikohozi cha kuomba njia: Javan huyo, anatoka Mbita anakotengeneza injini za boti, anapita kwenda kuoga. Nami narudi ndani haraka, najifunika leso, nageukia ukuta kama binti yangu. Ni mkwe mwenye adabu. Kikohozi chake nilikijua kuliko uso wake.

Alhamisi Adhiambo alikuja akakaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwa amelifanya.

"Mimi sikufukuzi," akasema. "Lakini watu wameanza kuuliza. Mama mkwe anashinda hapa kila siku kwani amekuja kuolewa? Kesho ni Ijumaa. Kabla jua iingie uwe umevuka daraja ya Mbita, Sabato ikupate kwako."

"Na Dolphine?"

"Akikataa kula hata kesho, Javan atamrudisha hospitali. Wamwekee maji ya mshipa."

"Hospitali gani?"

"Si ile ile."

"Homa Bay? Umrudishe Homa Bay?"

"Unafikiri napenda?" Akafuta macho kwa pindo la gauni, akaondoka.

Ijumaa nilioka keki ya mwisho, ya ndizi mbivu. Mchanga haukupasuka hata mara moja. Adhiambo alikuwa ameuchekecha bila kuniambia. Harufu ilikuwa nzuri mpaka majirani wakachungulia uani. Sahani ikaingia. Sahani ikatoka.

Nikafunga mzigo. Nilipofikia kile kisweta, nikakikunja, hakikukunjika vizuri, nikakikunja tena. Mwisho nikashika ncha ya uzi nikavuta. Mkono, kifua, mgongo, vyote vikaachia. Uzi uliofumuliwa hujikunjakunja kama nywele, na peke yako utautatiza. Mmoja anaushika kwa mikono miwili, mwingine anauzungusha kuwa donge. Dolphine alipokuwa mdogo ndiye aliyenishikia, nami nikimlipa kwa vitendawili.

Nilitazama dirisha. Uani hapakuwa na mtu. Basi nikaenda.

Nilikaa chini ya dirisha la chumba cha mkwe wangu, mgongo ukutani, macho yakitazama mbele. Nikainua mkono juu ya kichwa changu, nikapitisha uzi kati ya nondo za dirisha.

"Dolphine, nishikie."

Nikautikisa uzi kidogo.

"Nishikie, mkono unaniuma."

Kitanda kikalia. Uzi ukatoka mkononi mwangu, ikabaki ncha tu. Nikaanza kuzungusha, taratibu.

"Kitendawili," nikasema. "Mgeni wangu, kadiri anavyozunguka ndivyo anavyonenepa."

Anakijua hicho tangu hajaota meno ya pili. Donge likazunguka, likazunguka.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

Zamani alikuwa akinipa Mombasa, sababu ni mbali. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kama ya mtu mwingine.

"Chukua Homa Bay."

Hapo hapo nikasikia kikohozi pembeni mwa nyumba.

Mama mkwe chini ya dirisha la chumba cha kulala! Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini nikikimbia uzi unakatika, na mikono ya mtoto wangu ilikuwa ndani yake. Nikavuta leso kwa meno, nikajifunika uso. Kikohozi kikaja tena, karibu zaidi.

"Javan," nikasema, mimi ambaye sikuwahi kulitamka jina lake mbele yake, "pita njia nyingine, baba. Nimefungwa hapa."

Hatua zikasimama. Hazikuondoka.

Ukipewa mji, sharti uutembee. Unasema ulikwenda, ukakaribishwa, ukala ukashiba. Ulimi wangu ulikataa.

"Nilienda Homa Bay," nikasema. "Nikamkuta msichana mzuri. Hakuniongelesha. Nikarudi na kisweta chake."

Kilichotoka ndani ya chumba sikuwahi kukisikia kwa mwanangu, hata alipokuwa mchanga. Uzi ukatetemeka mpaka vidoleni mwangu. Sikusimama. Nilizungusha, yeye akalia, uzi ukaja ukiwa umelowa. Na kule pembeni mtu mzima alikuwa akikohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kuomba njia.

Adhiambo akatokea na ndoo. Akaniona nilipokaa, akamwona mwanawe amechuchumaa pembeni. Akaweka ndoo chini, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya keki. Baadaye kidogo nikamsikia chumbani.

"Shika hii."

"Mama, sina mkono."

"Nimeona. Fungua mdomo, basi."

Jua lilikuwa limegusa maji. Mzigo wangu ulikuwa jikoni, umefungwa, na daraja lilikuwa mbali. Saa hiyo Sabato inaingia, na Mwadventista huweka kazi chini. Mimi sikuwa na pa kuiweka.

"Donge la uzi," akasema Dolphine huko ndani, mdomo umejaa. Kisha, polepole: "Tega kingine."

Giza likatukuta hivyo, yeye ndani, mimi nje, nikitafuta kitendawili kirefu kuliko uzi uliobaki.