Pampu ya Droo ya Pili

Dobi huyu mtaa mzima walimwita Mama Kinyaa, na hakuna aliyemwonea. Akialikwa kwa watu, kikombe chake kimo mkobani. Wifi yake akionja mchuzi kwa mwiko, yeye siku hiyo analala na njaa. Shuka za wateja alizifua mara mbili, ya pili kwa sababu hakuiamini ya kwanza. Sasa mtu kama huyo mpe pumu, halafu umpe na zahanati ile. Utakuwa umemmaliza.

Asubuhi hiyo pampu yake ya dawa ilikuwa imekwisha. Aliitikisa, akaibonyeza, ikatoa hewa tupu. Kifua kikaanza kupiga miluzi, naye pumu haimchezei, akajitanda khanga na kwenda zahanati.

Karani wa mapokezi alikuwa akijichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alikikagua alichokitoa, akakipangusa kwenye daftari la wagonjwa.

"Namba za leo zimekwisha, mama. Njoo kesho."

"Sitaki kuonwa, baba. Nataka cheti tu, dawa ni ileile ya siku zote."

"Cheti anaandika daktari, na daktari haandiki bila namba. Jaribu duka la dawa hapo ng'ambo, waombe."

Kuvuka barabara tu alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Muuza dawa, bwana mnene mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai, akamwambia bila cheti hauzi. Akarudi kwa karani. Karani akasema yule ni mkaidi tu, amwambie ametumwa naye. Akavuka tena. Jamani, hata mpira haupigwi danadana ukiwa hauna upepo.

Safari hii alifika hana maneno. Aliishika kaunta kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka. Muuza dawa akaitazama midomo yake, akaona imeanza kubadilika rangi.

"Hata ungekuwa na cheti, mama, mpya hazipo. Mwezi wa pili huu hazijaletwa. Lakini tunayo ya dharura. Unavuta hapahapa, unatuachia."

Akafungua droo ya pili. Mlikuwa na kitana chenye nywele, nusu mkate, soksi moja, na pampu. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa pale pa kutia mdomo palikuwa pa kahawia, pana alama za meno, rangi ya mdomo ya mwanamke fulani imeganda ukingoni, na mate yaliyokauka yameacha utando. Muuza dawa akaipangusa kwenye koti, palepale alipokuwa akifutia jasho.

"Nani... katumia?" Mama Kinyaa alinong'ona.

"Watu. Wewe wa sita leo."

"Wa saba," akasahihisha mzee mmoja kwenye benchi, akijifuta masharubu. "Mimi nimerudia."

Mama Kinyaa akageuza uso. Alitaka kuomba maji ya moto, spiriti, hata kitambaa, lakini maneno nayo yanataka pumzi. Miluzi ya kifuani ilikuwa inafifia, na mwenye pumu anajua kuwa hiyo si nafuu. Akafumba macho, akaitia mdomoni. Ilikuwa na uvuguvugu wa mdomo wa mtu. Ilikuwa na ladha ya tumbaku. Akavuta, akangoja, akavuta tena.

Kifua kikafunguka kidogo kidogo. Hewa iliporudi, hasira ikaja nayo.

"Nyinyi ni watu kweli? Mtu aje na ugonjwa mmoja, mumrudishe kwao na saba? Hata mbwa hamuwezi kumfanyia hivi."

Muuza dawa hakukasirika hata kidogo. Aliitupia pampu drooni bila kuifuta.

"Wote husema hivyo, mama, wakishapata pumzi," akasema. "Dawa hiyo itakushika mpaka jioni tu. Hiyo mpya haijulikani inakuja lini. Kama una kinyaa, njoo asubuhi na mapema, kabla haijapita kwa watu."

Mama Kinyaa alitema mate nje ya mlango, akajisugua midomo kwa upindo wa khanga mpaka ikawaka moto. Akaapa kimoyomoyo kwamba pale hakanyagi tena, bora afe. Alishuka kidato kimoja. Kisha akasimama, akageuka nusu, na kwa sauti ndogo aliyoichukia mwenyewe akauliza:

"Mnafungua saa ngapi?"