Mjumbe wa Félicien

Siogopi chui, siogopi askari wa barrière barabarani. Naogopa dada yangu mkubwa, yaya Pétronille. Ndiyo maana, niliporudi Kisangani baada ya miaka ishirini na sita, sikuingia lopango letu, ua wetu wa Simi-Simi kando ya mto, kama Félicien. Niliingia kama Amuri, muuza samaki wakavu wa Kigoma, aliyetumwa na Félicien kuleta salamu.

Hila ilikuwa nyepesi. Nywele zimekwisha, meno ya mbele yamekwenda, miwani ni ya mtu mwingine. Na Kiswahili cha Kigoma ninacho, kile cha kusema "tafadhali" hata kwa mbuzi. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama mlango ungali wazi kwangu. Mama alipokufa, habari ilinikuta kule Kigoma. Lori lilikuwepo, nikasema nitapanda mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka kumi na moja. Mtoto asiyemlilia mama yake, kwetu, jina lake halitajwi mezani.

Yaya Pétronille alikuwa chini ya paillote, kibanda cha nyasi, akitwanga ndizi za lituma. Jirani yake, mama Fortunée, alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Nikapiga hodi, nikajieleza kwa adabu zote. Yaya akanitazama toka viatu hadi kipara, akaendelea kutwanga. Akauliza kama huyo Félicien amenenepa. Nikasema ni mtu mzito, anaheshimiwa, akipita watu wanasimama. Akauliza kama bado anakimbia bata. Nikasema hilo sijalisikia. Mama Fortunée akainamisha uso kwenye majani, mabega yanamcheza.

Halafu yaya akamweleza mama Fortunée, kana kwamba mimi sipo, kwamba Félicien ndiye aliyezamisha pirogue ya tonton Nicolas, mtumbwi wa mjomba wetu. Nikasema haraka kwamba pirogue ile ilikuwa imetoboka tangu zamani.

"Félicien aliniambia," nikaongeza.

Nikavuta kiti. Yaya akainua mchi.

"Bado kukaa," akasema. "Kwetu, mutu mwenye kufika nyuma ya matanga analia kwanza kwa mulango. Félicien hakulilia mama. Amekutuma wewe, donc utalia mahali pake."

Nikamjibu kwa unyonge kwamba nilipewa salamu, sikupewa machozi. Akasema salamu zimefika, sasa tuendelee na kazi.

Ningefanya nini? Nilirudi mlangoni, nikaweka mfuko chini, nikatoa leso na kulia taratibu, kama watu wa heshima nilivyowaona wakilia kule. Ee mama mpendwa, umetutoka, sisi tulikupenda.

"Papa Amuri," yaya akasema, "unalia kama mutu anasoma barua ya ofisi ya commune. Félicien halie vile."

"Analiaka namna gani?" nikauliza.

Hilo "analiaka" lilinitoka lenyewe. Hakuna mtu wa Kigoma anayesema hivyo. Hilo ni la kwetu, la mtu aliyelinyonya na maziwa. Vidole vya mama Fortunée vikasimama katikati ya pondu. Yaya hakubadilisha uso.

"Anamuitaka mama kwa jina," akasema polepole. "Ile alimupatiaka yeye peke yake."

Nilipokuwa mdogo nilimwita Mama Mosaka, kwa sababu ya mosaka, mchuzi wake wa matunda ya mchikichi, ambao nilikuwa nalamba mpaka chini ya sufuria. Nikafungua mdomo nilitaje kwa mchezo, tumalize, nipewe kiti. Mara ya kwanza likatoka. Mara ya pili likatoka kwa sauti ya yule mtoto. Nikapiga magoti pale mlangoni. Nikalia na makamasi, kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Lingala, nikisema habari niliipataka, lori niliionaka, niliogopaka tu. Mwenye pikipiki akapunguza mwendo njiani kuangalia mzee anayelia mchana kweupe. Hakuna aliyekuja kunishika. Kwetu mtu anaachwa alie mpaka amalize.

Nilipoinua kichwa, yaya alikuwa amegeukia ukuta, anajipangusa kwa pembe ya pagne, kitenge chake. Mama Fortunée akasema mjumbe huyu ni wa kukodi, atafaa kwa matanga yote ya quartier, mtaa mzima.

Yaya akaja, akanivua miwani, akachungulia nayo mtoni kule, akasonya.

"Miwani ya nani hii?"

"Ya mutu wa Bafwasende."

"Unaonaka nini ndani yake?"

"Kidogo tu."

Akachukua mfuko wangu, akautupa ndani, chumba cha nyuma.

"Bon. Matanga ya mama imeisha leo. Félicien, nawa mikono, lituma iko inapoa."

Nikamuuliza Amuri naye atakula wapi.

"Amuri aende muzuri," akasema. "Sahani iko moja."