Mkeka wa Nassibu

Kaka yangu Nassibu hakuzaliwa mjinga. Ujinga aliupata ukubwani, pamoja na pesa za kamba. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari ya barafu yalianza kuja Kibiti kufuata kamba wa baharini wa kwetu Mbuchi, na mtu ambaye jana alikuwa akiazima kiberiti akawa hana mazungumzo ila ya benki.

Mama yetu alikuwa haoni. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mjomba Huseni, aliyehamia Mombasa zamani, akatuletea habari kwamba kuna daktari mgeni anayepasua macho, ila Jumamosi anaondoka zake kwao. Nassibu akasema atalipa yeye, na akahakikisha Kibiti nzima imesikia.

Benki ya Dar es Salaam ilimweleza vizuri: aache fedha pale, akifika Mombasa azichukue kwenye benki wanayoshirikiana nayo, na kila akichukua atakatwa ada kidogo. Hiyo ada ilimuuma kuliko upofu wa mama.

"Nikatwe kwa kuchukua changu mwenyewe?" akaniambia. "Waride, mie si wa kuliwa hivo."

Akatoa fedha zote, akazibadilisha dukani kuwa shilingi za Kenya. Kisha akanunua mikeka miwili ya ukindu, akapanga noti katikati, akaishona ikawa mkeka mmoja. Njia nzima alikuwa akiupigapiga na kunikonyeza. Nani ataiba mkeka? Alijiona mjanja mpaka nikachoka kumtazama.

Tulifika na mama kwa mjomba Jumanne asubuhi. Mkaza mjomba, Bi Biasha, hakungoja salamu ziishe. Aliupokea mkeka begani kwa Nassibu, akaunusa, akapiga kigelegele. Alikuwa na haki. Hakuna mtu wa Mbuchi aliyepata kwenda ugenini na mkeka kisha akarudi nao; mkeka ni wa mwenyeji, hata mtoto anajua. Nassibu alijichekesha, akaenda kuoga. Alipotoka kuoga, mjomba alikwisha upeleka msikitini, umetandikwa mbele anaposimama imamu.

Basi kaka yangu, ambaye Kibiti msikiti aliuona wakati wa Idi tu, akawa mtu wa safu ya kwanza. Alfajiri yupo, isha yupo, anangoja watu watoke apate kufumua. Watu hawakutoka. Walibaki kumsifu kijana wa Rufiji kwa ucha Mungu wake. Nilimwambia amweleze mjomba, mambo yaishe. Akasema ataaibika. Mama alikaa barazani akiuliza kila mara kama daktari angali yupo.

Ijumaa, baada ya sala, imamu alitangaza kwamba kila akisujudu alikuwa akisikia kitu kinachakarika. Walipofumua mkeka wakakuta fedha. Mtoaji ameficha sadaka yake kama inavyopendeza, akasema, na Mungu amlipe. Walikwisha nunua kipaza sauti.

Nilichoka na aibu za Nassibu. Nikamweleza mjomba kila kitu, naye akamleta imamu nyumbani. Majirani wakafuata, wakajaa barazani, kila mmoja akitaka kumshika mkono kaka yangu.

"Kama ulizihifadhi tu, sema, mwanangu," imamu akamwambia kwa upole. "Kipaza sauti kitarudi dukani sasa hivi. Hapana aibu katika jicho la mama."

Nassibu aliwatazama wale watu. Nilimwona anavyovimba, na nikajua tumekwisha.

"Zilikuwa zangu, sheikh," akasema. "Nilizitoa. Huyu dada yangu safari imemchosha."

Wakaitikia amin. Mama alikuwa ndani, mlango wazi. Aliniuliza taratibu, "Na miye?" Nassibu alijifanya hakusikia. Kesho yake daktari aliondoka, na jioni kipaza sauti kikaadhini kwa mara ya kwanza. Mama akasema sauti ni nzuri.

Sasa Nassibu yuko dukani kwake Kibiti, anawafundisha wanaosafiri namna ya kubeba fedha. Wafanyabiashara wazima wanatoka Utete kuja kumsikiliza.

"Benki ile haikuonja hata senti yangu," huwaambia.

Mama hukaa karibu yake, kwenye kigoda. Akisikia maneno hayo hunyoosha mkono kunitafuta, akipapasa, mpaka anipate.