Akina Nicomedes wa San Telmo

Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi, Eduviges alifika ofisi ya parokia ya San Telmo na daftari la shule la kurasa mia mbili, kioo cha kukuzia maandishi, penseli mbili na biskuti za chumvi alizozifunga kwenye leso. Mikononi alivaa glavu nyeupe za pamba. Zilikuwa za kiwanda alikoshonea sidiria miaka thelathini na mmoja, mpaka kiwanda kilipofungwa na kuhamia nchi nyingine, wafanyakazi wakaachiwa glavu.

Katibu wa parokia, Doña Obdulia, alimwekea mezani daftari la ubatizo la mwaka 1869 hadi 1875, kisha akaweka kikombe cha kahawa mbali na daftari.

"Siku ya kumi na saba leo, Duvi," alisema. "Hata Paroko hajawahi kukaa humu siku kumi na saba mfululizo."

"Paroko ana paa," Eduviges akajibu, akafungua daftari.

Yeye hakuwa nalo. Kimbunga cha Septemba kililing'oa paa lake lote kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo, miezi kumi na mmoja sasa, aliishi chini ya turubai la buluu na mama yake, Ramona, mwenye miaka themanini na minane na miguu isiyoinuka tena. Kitanda cha Ramona kilikuwa kimehamishwa mara nne kulikimbia tone. Sasa kilikuwa kwenye kona ya mwisho iliyobaki kavu, na kifua cha bibi kilikuwa kimeanza kukoroma. Daktari alisema dawa anazo, ila dawa haifanyi kazi ndani ya maji.

Ofisi ya misaada iliyokuwa ikijenga mapaa ilimkubalia Eduviges kila kitu isipokuwa jambo moja. Kiwanja kilikuwa na hati ya mwaka 1911, na hati ilikuwa kwa jina la Nicomedes Cintrón, babu yake Ramona. Athibitishe kwamba huyo Nicomedes ndiye wa kwao. Mwisho Ijumaa.

Ungedhani ni kazi ya asubuhi moja. Lakini zamani vilima vyote vya San Telmo vilikuwa shamba la miwa la Don Nicomedes Cintrón, na kila mtumwa wake aliandikwa Cintrón, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Tena Don alipenda sana kuwa baba wa ubatizo. Kila mama aliyembatiza mtoto wake wa kwanza wa kiume kwa jina la Don alipewa dhiraa tatu za kitambaa. Mama hao walikuwa na watoto wasio na nguo, na kitambaa ni kitambaa. Matokeo yake, ukisimama kilimani ukaita Nicomedes, wanaume wote waligeuka, na wanawake nao waligeuka kuona ameitwa wa nani.

Sensa ya 1910 ilimtaja mmoja tu aliyemfaa Eduviges: Nicomedes Cintrón, miaka thelathini na saba, mkata miwa, mke Petrona, nyumba yake mwenyewe. Daftari la ubatizo lilikuwa na Nicomedes watano, wote wa mama watumwa. Penye nafasi ya baba, karani wa zamani aliandika "hajulikani", na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Eduviges alikuwa amewachorea mistari watano hao kwa rangi tano, akaifuata mpaka kwenye ndoa, watoto na maziko, na mara zote rangi ziliishia kuingiliana. Siku kumi na saba za kubahatisha zilikuwa zimemchosha. Akavua miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushinda kelele za cherehani:

"Nicomedes Cintrón!"

"Nimekukataza usisome kwa sauti," Obdulia alisema bila kuinua kichwa. "Haya sasa. Nani atapiga deki?"

Mlango ulifunguliwa wakaingia wanaume wanne wa daftarini, suruali zimekunjwa mpaka magotini, miguu imejaa tope la shambani. Walivua kofia zao za majani, wakaketi kwenye benchi la wanaosubiri vyeti. Obdulia aliwagawia namba, maana utaratibu ni utaratibu. Wa tano aliingia akiwa amevaa koti jeupe na viatu vilivyong'aa, akakataa namba. Huyo alikuwa Don mwenyewe. Jina lake lilikuwamo katika kila mstari kama baba wa ubatizo, kwa hiyo naye alikuwa ameitwa. Hakuketi. Alisimama dirishani akaangalia nje, mahali palipokuwa na miwa yake na sasa pana maegesho ya magari.

Wa mwisho alichelewa kidogo kwa sababu alikuwa amebeba mtoto mchanga.

Eduviges alichonga penseli, akaanza na namba moja. "Mkeo aliitwa nani?"

"Eulogia."

"Wewe?"

"Sikuoa mimi. Walinikataa wawili."

"Watatu," akasema jirani yake wa benchi. "Dada yangu umemsahau?"

Wa tatu alisema Juana, wa nne akasema Juana vilevile, wakatazamana vibaya. Kisha yule mwenye mtoto akasema, "Petrona. Wa macho makubwa. Alikuwa akipika mbaazi zake na boga, na usipomaliza anakuuliza boga limekukosea nini."

Mbaazi na boga ndicho chakula Ramona alichokula utotoni, na maneno hayo ya boga Eduviges alikuwa ameambiwa maisha yake yote. Furaha ilimpanda mpaka penseli ikamponyoka. Alimsogelea yule mtu, akamwamkia kwa kuomba baraka kama wajukuu wa pale wanavyofanya, naye akambariki.

"Sasa nionyeshe mstari wako, Babu."

Aliinama juu ya daftari, akaonyesha mstari wa tarehe 15 Septemba 1871, mama Rufina, baba hajulikani. "Ni huu. Lakini si wangu peke yangu. Ni wa huyu hapa." Akamwinua mtoto kidogo ili aonekane. "Huyu ni kaka yangu mkubwa."

Obdulia aliacha kazi yake akaja kumtazama yule kaka mkubwa, akamchezea shavu.

Nicomedes wa Petrona alieleza. Rufina alimzaa Nicomedes, akambatiza, akachukua kitambaa chake, na mtoto akafa na miezi mitatu. Mwaka 1873 akazaa mwingine. Kama walivyofanya kina mama wote wa vilimani, alimpa jina la aliyetangulia, maana jina lilikuwa bado jipya. Ila hakurudi kanisani. Sherehe ilikwisha kufanyika, maji yalikwisha kumwagwa, na Don hatoi kitambaa mara mbili kwa jina moja. Siku cheti kilipotakiwa, alitoa kilekile.

"Kwa hiyo tunakitumia wote wawili," alisema. "Yeye alikitumia miezi mitatu, mimi miaka sitini na minane. Sijawahi kumsikia akilalamika."

Eduviges aliandika yote. Alipofika penye nafasi ya baba alisita, akamwangalia babu yake, akamwangalia mtoto. Wote wawili walikuwa na kishimo kidevuni. Yule wa dirishani naye alikuwa nacho, na sasa benchi zima lilikuwa likikitazama.

"Don," Obdulia aliuliza, "baba wa watoto hawa ni nani? Nafasi ipo wazi miaka yote hiyo, na wino ninao."

Don aliangalia saa ya ukutani, akasema kwamba enzi zake misa ilikuwa ikianza kwa wakati. Eduviges aliimeza hasira yake na biskuti, maana hasira haikuwamo kwenye orodha ya vielelezo vinavyotakiwa.

Jumatano Eduviges na yule wa Petrona na mtoto walikwenda ofisi ya misaada. Karani, kijana wa watu aitwaye Irizarry, alimpisha mzee kiti, akamletea maji, akauliza kama mtoto anahitaji kivuli. Kisha akapekua nakala zote alizoletewa, moja baada ya nyingine, kwa adabu.

"Doña Eduviges, kuna tatizo. Huyu Nicomedes wa 1871 alizikwa Desemba mwaka huohuo. Maziko yameandikwa. Mtu wa miezi mitatu hawezi kuwa na mke, wala kiwanja."

"Aliyezikwa ni huyu mdogo. Mwenye kiwanja ni huyu aliyembeba."

"Nawaona, Doña. Nawaona wote wawili vizuri kabisa."

"Basi muulize mwenyewe! Kaketi mbele yako."

"Marehemu anaruhusiwa kufika, haruhusiwi kutia sahihi." Irizarry alisikitika kweli, ilionekana usoni. "Angekuwa na cheti chake peke yake ningepitisha sasa hivi. Ningeliweka jina la bibi kwenye mfumo leoleo."

"Na mama yangu alale wapi, ndani ya mfumo wako?"

Hilo Irizarry hakuwa na pa kuliandika. Alimpa fomu ya kuomba mkaguzi aje aione nyumba kwa macho yake, na Eduviges aliijaza hapohapo, herufi kubwa, nakala tatu.

Nyuma yao kwenye foleni alikuwa amesimama Don, ambaye hakualikwa na mtu. Karatasi zake zilikuwa kamili: ubatizo, ndoa, hati ya shamba, wosia wenye mihuri. Nyumba yake kubwa ilibomolewa na kimbunga cha mwaka 1899 na hapakuwa na mtu ndani yake tangu wakati huo, lakini fomu iliuliza tu kama paa liling'olewa na kimbunga, na ni kweli liling'olewa. Aliidhinishiwa kabla ya chakula cha mchana. Mafundi walimjengea paa zuri juu ya nguzo nane, na ng'ombe wa jirani hulala chini yake mpaka leo.

Ijumaa mvua ilianza. Saa nane mchana turubai lilipasuka katikati, maji yakafuata kitanda. Eduviges alipanda juu ya meza akiwa na sindano ya turubai na uzi, akishona huku maji yanamwingia mikononi, akitukana kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie.

"Nasikia," Ramona alisema kitandani, akakohoa.

Ndipo walipofika, wanne wa kwenye benchi na yule wa Petrona na kaka yake. Ramona aliinua kichwa. Mara ya mwisho kumwona babu yake, Ramona alikuwa na miaka kumi na mmoja, siku ya kumzika.

"Babu," alimwambia, "futa miguu."

Mzee alifuta miguu. Alimlaza kaka yake kitandani ubavuni mwa mjukuu, mahali pakavu, na Ramona akamfunika babu yake mkubwa kwa shuka akamwimbia kidogo. Wanaume wanne walishika pembe nne za turubai, kila mtu ya kwake. Wa Petrona aliingia katikati, akafumbata palipopasuka kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Mvua ilinyesha siku saba, nao hawakuketi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na mmoja sakafu ilikauka, godoro likakauka, na kufikia Jumatatu kifua cha Ramona kilikuwa kimya. Eduviges aliwawekea kahawa kila asubuhi, ingawa hawakuinywa, maana huwezi kuwa na wageni wanaofanya kazi ukanywa peke yako. Jioni ya kwanza wale wa Juana walikuwa wamesameheana, baada ya kugundua kwamba walikuwa Juana wawili.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Maldonado, mwenye buti za mpira na ubao wa kuandikia. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Alimsifu mtoto. Kisha alisimama katikati ya chumba mvua ikinyesha nje, akainua kiganja, akangoja. Hakuna tone lililoanguka. Akagusa sakafu, akagusa godoro.

"Pakavu," alisema, akaandika: Nyumba ina paa.

Eduviges aliisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa ubao. "Hilo si paa, Doña. Hao ni wazee wangu."

"Fomu haiulizi paa limejengwa kwa kitu gani. Inauliza kama linavuja."

"Halivuji kwa sababu wamelishika!"

"Na wanalishika vizuri sana," Maldonado alisema, na alimaanisha. Akamwomba sahihi. Eduviges alikataa kutia sahihi, na kwa kukataa palikuwa na kisanduku chake, Maldonado akakitia alama. Jalada likafungwa. Aliaga, akashuka kilima polepole kwa sababu ya utelezi.

Ramona alikuwa amelala usingizi mzuri, mtoto kifuani. Eduviges alikaa kwenye meza. Alikuwa na hasira na alikuwa amechoka, na juu ya yote hayo aliona haya mbele ya wale watu watano walioinua mikono.

"Kasema nini?" Nicomedes wa Petrona aliuliza.

"Kasema tuna paa. Nitakata rufaa, Babu."

"Hiyo rufaa ni ya muda gani?"

"Wanasema miezi kumi na minane. Ikienda vizuri."

Mzee aliinua macho kwenye turubai.

"Don alituahidi viwanja wakati mama yangu yuko hai," alisema. "Mimi changu nilikinunua mwenyewe nikiwa na mvi." Akasogeza vidole apate kushika vizuri zaidi, akawaambia wenzake miezi ni kumi na minane. Wanne wale wakabadilishana pembe ili kila mmoja apumzishe bega lililochoka. Eduviges akaandika rufaa, nakala tatu, akavaa buti, akazitia kifuani zisilowe, akatoka kwenda kuwahi ofisi kabla haijafungwa kwa chakula cha mchana.