Mabehewa ya Baba

Nalala na hasira zangu, tena adhuhuri, kwenye benchi la kliniki, bega langu limeegemea bega la baba, na usingizi wenyewe unanikuta katikati ya ugomvi. Nimetoka kugombana na Maganga, mdogo wangu, aliyesema mbele ya baba kana kwamba baba ni kabati: dada Kalunde, mzee ameshaondoka, hapa tunabisha hodi nyumba tupu. Kabla yake nimegombana na Bi Eliwaza, mtaalamu anayemfundisha baba kusema upya tangu alipopata kiharusi. Anamwonyesha kadi yenye picha ya pundamilia, baba anasema punda. Anamwonyesha garimoshi, na baba, aliyeunga mabehewa ya reli miaka thelathini na moja, anasema gari. Nusu, nusu, kila siku nusu. Leo ndiyo siku ya mwisho: asipotoa neno moja kamili, faili lake linafungwa na nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Mimi nataka neno langu, kifunguamimba, ndilo aliloniita tangu nizaliwe, Kalunde ni la watu wengine. Nafumba macho ili nisimwone mtu.

Nafumbua, na chini ya miguu yangu ni reli. Reli kulia, reli kushoto, zinaachana na kukutana na kuachana tena, hazina mwanzo wala mwisho, na kila upande kuna mji wenye stesheni ileile, saa ileile ukutani, bati lilelile lenye kutu, mji mmoja uliojitazama kwenye kioo ukajipenda. Mtu wa bendera ananijia. Hana uso, pale penye uso pana ngozi tupu kama ya goti. Hapa ni wapi? namwuliza. Anasema, wawili waliingia, akatoka mmoja, na hesabu imetimia. Namwambia sikuja kutegewa vitendawili, nimekuja kuchukua maneno ya baba yangu. Anasema, basi umeshategua, tembea. Tunatembea, au reli zinatembea na sisi tumesimama. Kila behewa limeandikwa neno kwa chaki. Stesheni ya kushoto yamechomelewa mawili mawili, pundamilia, batamzinga, mwanasheria, hayaachani. Stesheni ya kulia yako mojamoja, punda peke yake, milia peke yake, bata, mwana, sheria, yanasubiri kuungwa. Kwa nini neno moja liwekwe huku na huku? Anasema, mtu akitaka kusema, stesheni zote mbili zinatuma, litakalofika kwanza ndilo neno lake. Na kwa baba? Ananyoosha bendera. Daraja la kushoto limelala mtoni. La kulia limebaki na nguzo moja, linabeba behewa moja kwa safari, na likishavuka, lango la ng'ambo linafungwa. Namwona punda anavuka, lango linafungwa, na milia imebaki huku kwetu, imechelewa. Hasira inanipanda mpaka masikioni. Nani anafunga lango? Anasema, asiye na subira. Namjua huyo, ni Bi Eliwaza. Nimemwona akitazama saa huku baba amefungua mdomo, sekunde tatu, nne, kisha kadi inageuzwa.

Nalitafuta behewa langu. Nakimbia stesheni hadi stesheni, na kila ninayofika ndiyo niliyotoka. Nalikuta mtoni, kifunguamimba, limechomelewa sawasawa, limelala ubavu, maji yanapita madirishani. Litoe, namwambia asiye na uso. Anasema, aliyezama mzima hatoki nusu. Nalitaka hata hiyo nusu. Anasema, tangu uzaliwe hajawahi kulifungua, nusu zake hazijui njia. Nampiga. Nampiga kweli, ngumi usoni pasipo uso, naye haumii, anaikunja bendera yake taratibu, na hilo linaniudhi kuliko vitendawili vyake vyote. Ndipo namwona baba. Yuko kule kulia, kati ya mabehewa, kavaa ovaroli lake la zamani, na mkono wa kulia, ule uliokufa, umeshika mnyororo wa kuungia. Anaunga mabehewa ambayo sijapata kuyaona pamoja. Analivuta hili kutoka reli ile, analigonganisha na lile, anasikiliza kishindo, hapendi, anafungua, anaunga mengine. Nampigia kelele, baba, hayo hayaendani, unapoteza muda, toka hapo katikati utapondwa. Namfokea mtu wa bendera, nalifokea daraja, namfokea yeyote aliyeko ng'ambo. Baba ananinyooshea kiganja, ishara ya watu wa reli: simama, usisogee. Kisha anasukuma. La kwanza linavuka. Nalifuata mbio darajani hadi langoni, naliwekea bega lisifungwe, mifupa inauma, na safari hii sisemi kitu, nahesabu pumzi zake badala ya zangu, na la pili linakuja polepole, polepole mno, linakuja.

Mfokea, anasema baba. Tuko kwenye benchi, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, jicho moja limenikazia. Anavuta pumzi, ya tatu, ya nne. Watu, anamalizia. Halafu kwa mkupuo mmoja: mfokeawatu. Na kidole chake kinanigusa kifuani, mimi, si mwingine. Nataka kulia na nataka kumgombeza. Neno hilo hajalirithi kwa mtu, hajafundishwa kwa kadi, kaliunga mwenyewe sasa hivi, na kaliunga kwa sababu amenisikia miezi yote hii nikibwatuka kwenye korido hii. Alikuwemo. Siku zote alikuwemo.

Bi Eliwaza yuko mlangoni na faili. Umesikia? namwuliza. Anapitisha kalamu kwenye orodha yake toka juu hadi chini. Dada, neno hilo halimo. Najua halimo, la kwake huyu. Maganga anasema yeye hakusikia kitu, dada, ulikuwa umelala, wewe ndiye uliyekuwa unaongea. Namtazama baba, naye kafumba macho, kachoka, hanisaidii. Huenda alilisema hapa, huenda alilisema kule, na huenda kule ndiko kwenye watu wenye masikio. Sijui. Kama nimeamka, siondoki. Kama bado nimelala, siamki. Naushika mkono wenye kalamu, naubana kwenye karatasi. Andika, namwambia. Andika lote.